Taswira ya Mwanamke katika Vyombo vya Habari na Afya Yake: Somo kutoka Arash

Utangulizi

Kata ya Arash iko katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wamasai wafugaji. Mtu asiyepafahamu mahali hapo anaweza kudhani kwamba suala la vyombo vya habari na urembo wa wanawake haliwahusu watu wa huko, kwamba ni shida ya Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya. Dhana hiyo si sahihi. Simu ya mkononi huchajiwa kwa umeme wa jua hata pale ambapo nguzo za umeme hazijafika, na msichana anayesoma bweni au kufanya kazi mjini hurudi likizo akiwa na picha mpya za namna mwanamke "anavyotakiwa" kuonekana. Aidha, mwanamke wa Kimasai amekuwa kitu cha kutazamwa kwa miaka mingi kabla ya kuja kwa simu hizo, kwa kuwa sura yake hupigwa picha, huchapishwa na kuuzwa.

Somo hili linaeleza jinsi umakini uliopindukia wa vyombo vya habari juu ya maumbile ya wanawake unavyobadili namna mwanamke anavyojiona, na jinsi mabadiliko hayo yanavyofika kwenye ngozi, tumbo, figo na mimba yake. Limekusudiwa mhudumu wa afya anayempokea mwanamke huyo katika zahanati, na pia mwanamke mwenyewe pamoja na jamaa zake.

Picha mbili zinazogongana

Mwanamke kijana wa Arash huishi kati ya picha mbili. Ya kwanza ni ile ya utalii. Katika kadi za posta, vitabu vya picha na matangazo ya safari, mwanamke wa Kimasai huonyeshwa akiwa amenyoa kichwa, amevaa shanga shingoni na amevaa mapambo katika masikio yaliyotogwa, akisimama mbele ya nyasi au mlima. Mara nyingi jina lake halitajwi. Haisemwi kwamba yeye ndiye aliyejenga nyumba inayoonekana nyuma yake, wala kwamba hukamua ng'ombe, huuza maziwa au huongoza kikundi cha akina mama. Picha hiyo humsifu, lakini humsifu kama pambo la nchi.

Ya pili ni picha ya simu na runinga. Humo mrembo ana ngozi iliyong'arishwa, nywele ndefu za bandia, kiuno chembamba na makalio makubwa, umbo ambalo vijana huliita "namba nane". Tangazo la losheni humwambia mtazamaji kwamba weupe ni usafi na mafanikio. Muziki wa video humwonyesha mwanamke akicheza pembeni ya mwanamume anayeimba. Programu za simu hulainisha ngozi na kupunguza pua kwa kugusa kioo mara moja, hata mpigaji picha mwenyewe akaanza kuiona sura yake halisi kuwa na kasoro.

Picha hizi mbili zinaonekana kupingana, kwa maana moja humtaka mwanamke abaki "wa asili" na nyingine humtaka aache asili yake. Hata hivyo zinafanana katika jambo la msingi. Zote mbili humfundisha kwamba thamani yake hukaa katika jicho la anayemtazama, na fundisho hilo ndilo chanzo cha madhara yanayojadiliwa katika somo hili.

Jambo lenye historia ndefu

Kumhukumu mwanamke kwa sura yake hakukuletwa na intaneti. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Zanzibar, mwaka 1880 katika ukoo wa wafinyanzi, alikuwa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Wapinzani wake walipokosa la kusema juu ya sauti, walimkejeli kwa asili yake na kwa kukosa urembo. Aliwajibu kwa wimbo. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, aliandika juu ya kipaji, tabia na kazi ya mwanamke huyo, na ndivyo anavyokumbukwa hadi leo.

Baada ya uhuru, mavazi na ngozi ya mwanamke viligeuka kuwa suala la siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na magauni, kwa hoja kwamba mavazi yao yalikuwa dalili ya kubaki nyuma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza Dar es Salaam Januari 1969. Safari hii shutuma zilikwenda upande wa pili, kwani vilivyopigwa vita ni sketi fupi, mawigi, mavazi ya kubana na krimu za kung'arisha ngozi, kwa hoja kwamba vilikuwa vya kigeni mno. Magazeti yalijaa barua za wasomaji waliobishana juu ya miili ya wanawake. Hivyo, katika kipindi kifupi, mwanamke wa Loliondo aliambiwa amebaki nyuma sana, na mwanamke wa Dar es Salaam akaambiwa amekwenda mbele mno. Wote wawili walipimwa kwa macho ya watu wengine.

Mashindano ya urembo ya taifa, yaliyokuwa yamepigwa marufuku katika kipindi hicho, yalirudi mwaka 1994. Mwaka huohuo ndipo matangazo ya runinga yalipoanza Tanzania Bara, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Mwaka 2007 Flaviana Matata alikwenda Mexico kuiwakilisha Tanzania katika shindano la Miss Universe akiwa amenyoa nywele zote, akaingia katika kumi bora. Magazeti yalimsifu kwa ujasiri. Bibi wa Kimasai aliyenyoa kichwa maisha yake yote hakuwahi kuitwa jasiri kwa sababu hiyo, na huenda mjukuu wake alichekwa shuleni kwa kichwa hichohicho. Hapa pana funzo la manufaa kwa mhudumu wa afya: uzuri haukai katika nywele au rangi peke yake, bali hupewa au hunyimwa na wenye uwezo wa kuonyesha picha. Kilichopewa na watu kinaweza pia kuhojiwa na watu.

Jinsi picha inavyoingia moyoni

Wataalamu wa saikolojia wameeleza njia mbili kuu. Ya kwanza ni kujilinganisha. Mwaka 1954 Leon Festinger alieleza kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake pale asipokuwa na kipimo kingine. Zamani msichana alijilinganisha na dada zake, shangazi zake na wasichana wa boma la jirani, yaani watu aliowaona wakiwa wamechoka, wanaumwa, wanacheka na wanazeeka. Leo hujilinganisha na picha mamia kwa siku, nyingi zikiwa zimechaguliwa na kurekebishwa. Mashindano hayo hayana mshindi, kwa sababu hata anayeonekana katika picha hafanani na picha yake.

Njia ya pili ni kujitazama kwa jicho la mtazamaji. Mwaka 1997 Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts wa Marekani walieleza kwamba mwanamke anayeishi katika jamii inayomtazama kama kitu hufika mahali akaanza kujitazama hivyohivyo. Badala ya kuuliza "Ninajisikiaje? Ninaweza kufanya nini?", huuliza "Ninaonekanaje?" Swali hilo likikaa kichwani muda wote, hula nguvu za akili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, wanafunzi wa chuo walitakiwa kufanya hesabu wakiwa peke yao chumbani, wengine wamevaa vazi la kuogelea na wengine sweta. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao wa sweta, lakini tofauti hiyo haikuonekana kwa wanaume. Hakukuwa na mtu aliyekuwa akiwatazama. Jicho lilikuwa limeshahamia ndani yao.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Arash unatoka Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki ambako mwili mnene ulihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vizuri na jamaa. Runinga ilipofika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule, kisha wakarudi mwaka 1998 kuhoji kundi jingine la wasichana wa umri uleule. Wenye alama za juu za matatizo ya ulaji walikuwa asilimia 12.7 mwaka 1995, na asilimia 29.2 mwaka 1998. Hapo mwanzo hapakuwa na msichana hata mmoja aliyesema kwamba alijitapisha ili apunguze uzito, lakini baada ya miaka mitatu asilimia 11.3 walisema hivyo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba runinga peke yake ndiyo iliyosababisha yote, kwa sababu jamii hubadilika kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Unaonyesha hata hivyo kwamba mila inayopenda mwili wa asili si kinga ya kudumu, na kwamba mabadiliko yanaweza kuja haraka kuliko huduma za afya zinavyojiandaa.

Kutoka moyoni hadi mwilini

Huzuni juu ya sura haibaki kuwa huzuni tu, bali hutafuta dawa, na dawa hiyo huuzwa karibu.

Inayojulikana zaidi ni krimu za kujichubua, pamoja na mchanganyiko unaoitwa mkorogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Kelly Lewis na wenzake uliwahoji wanawake 42 wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichubua. Sababu walizotoa zilikuwa nyingi: kuondoa chunusi na mabaka, kupata ngozi laini, kuonekana weupe, kumpendeza mwenzi au kupata mwanamume, kuwavutia rafiki, na kusawazisha rangi iliyoharibiwa na krimu za awali. Sababu hiyo ya mwisho inastahili kuzingatiwa, maana inaonyesha kwamba krimu hutengeneza kasoro ambayo krimu nyingine hununuliwa kuificha. Mhudumu anayedhani kwamba wote hutaka "kuwa Wazungu" atawapa wengi wao ushauri usiowahusu.

Viambato vitatu ndivyo vyenye hatari kubwa.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Hupenya mwilini na kudhuru figo, hata mkojo ukatoa povu na miguu kuvimba. Hudhuru pia mishipa ya fahamu, ikaleta ganzi, kutetemeka, wasiwasi na sonona. Huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ungali unakua, na huweza kupita katika maziwa ya mama. Huenea pia nyumbani kwa taulo, shuka na mikono inayombeba mtoto. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unawabana watengenezaji wa vipodozi vya aina hii, lakini biashara ya magendo inaendelea.

Haidrokwinoni, ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari, huweza kuleta madoa meusi yenye rangi ya bluu yasiyotoka kwa urahisi, hasa mashavuni na sehemu zinazopigwa na jua. Hivyo mwanamke aliyetaka weupe huishia na weusi usio wake.

Steroidi kali, kama klobetasoli, ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, lakini si kipodozi. Hukondesha ngozi, huleta michirizi, chunusi na vinyweleo, hufungua njia kwa fangasi na bakteria, na huchelewesha kupona kwa vidonda. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi huingia katika damu na kuweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Zikitumika kwa wingi wakati wa ujauzito, zinahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa mwanamke atakayehitaji kushonwa baada ya kujifungua, ngozi nyembamba isiyopona upesi si jambo dogo.

Ikumbukwe pia kwamba rangi nyeusi ya ngozi ni kinga dhidi ya mionzi ya jua. Mwanamke anayechunga, kuteka maji na kutafuta kuni katika nyanda za Loliondo hushinda juani. Kuondoa rangi hiyo ni sawa na kuvua ngao katikati ya vita.

Eneo la pili ni chakula na umbo. Hapa wanawake wa Tanzania huvutwa pande mbili. Katika jamii nyingi wembamba umehusishwa na njaa, na tangu miaka ya UKIMWI umehusishwa pia na maradhi, ndiyo maana "umenenepa" bado husemwa kwa nia ya kusifu. Wakati huohuo picha za simu hutaka kiuno chembamba. Wengine hushinda bila kula, hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha, na wengine hununua vidonge na sindano za kuongeza makalio zisizojulikana zimetengenezwa kwa nini.

Mhudumu wa Ngorongoro anahitaji uangalifu wa ziada. Miongoni mwa Wamasai ipo desturi ya mjamzito kupunguza chakula katika miezi ya mwisho, kwa nia ya kupata mtoto mdogo na kujifungua kwa urahisi. Chanzo chake ni hofu ya uzazi mgumu mahali ambapo hospitali iko mbali, si picha za warembo. Wanawake wawili wanaweza kuwa na uzito uleule mdogo na kuhitaji mazungumzo tofauti kabisa. Mmoja anahitaji kuhakikishiwa juu ya usalama wa uzazi na mpango wa usafiri. Mwingine anahitaji kuzungumza juu ya namna anavyojiona. Ili kuwatofautisha, mhudumu hana budi kuuliza.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mwanamke anayejichubua hufika zahanati kwa sababu nyingine: upele, kidonda kisichopona, kuvimba miguu, kliniki ya mtoto. Krimu huificha, kwa sababu ya aibu. Aibu hiyo huongezeka anapokutana na mhudumu anayesema, "Ona ulivyojiharibu." Maneno hayo, hata yakiwa ya kweli, ni hukumu nyingine juu ya sura yake. Mhudumu anayeyasema anajiunga na wale wale waliomfikisha hapo, na matokeo yake ni kwamba mgonjwa harudi.

Njia bora ni kuuliza kama jambo la kawaida linaloulizwa kwa kila mtu. Mfano wa mazungumzo ni huu:

"Karibu, mdogo wangu. Habari za nyumbani na watoto?"

"Nzuri, dada."

"Huu upele umeanza lini? Wanawake wengi siku hizi hupaka vitu mbalimbali, wengine huchanganyiwa dukani. Na wewe hupaka nini usoni na mwilini?"

"Mafuta tu."

"Sawa. Nakuuliza kwa sababu mafuta mengine huwa na dawa ndani yake, na ukiwa na mimba ni vizuri tujue. Siku ukija tena unaweza kuniletea chupa au kopo lake tulitazame pamoja?"

Katika mazungumzo haya hakuna lawama, sababu ya kiafya imetajwa waziwazi, na mlango umeachwa wazi kwa siku nyingine. Mama mtu mzima huulizwa kwa heshima inayolingana na umri wake, mhudumu kijana akianza kwa shikamoo. Inapohitajika mkalimani wa Kimaasai, asiwe mume, mama mkwe au mtoto wa mgonjwa, kwa sababu mambo mengine hayasemeki mbele yao.

Baada ya kuuliza, hatua zifuatazo zinafaa:

1. Kutazama dalili kwa utaratibu: vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi, michirizi, ngozi nyembamba, madoa ya bluu, kuvimba miguu na uso.

2. Kupima shinikizo la damu, mkojo kwa protini, na sukari inapowezekana. Mjamzito mwenye protini kwenye mkojo achunguzwe kwanza kifafa cha mimba, lakini swali la krimu lisisahauliwe.

3. Kukagua kopo. Kipodozi kisicho na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji au tarehe ya mwisho kisitumike. Onyo la kutogusisha krimu na fedha, dhahabu, alumini au vito ni dalili kwamba huenda ina zebaki, na onyo hilo lina maana kubwa kwa mwanamke anayevaa mapambo kila siku.

4. Kushauri namna ya kuacha. Krimu inayoshukiwa kuwa na zebaki iachwe mara moja, na isiachwe mahali ambapo watoto wataichezea. Aliyetumia steroidi kali kwa muda mrefu mwilini kote asiachwe peke yake, bali amwone daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta mwasho mkali, wekundu na uchovu wa hatari. Aelezwe mapema kwamba ngozi inaweza kuonekana vibaya zaidi kwa muda kabla haijapona. Asipoelezwa, atarudi kwenye krimu.

5. Kuuliza juu ya moyo: usingizi, huzuni, kujitenga, kukosa hamu ya kula, mawazo ya kujidhuru. Mwenye dalili za sonona, au aliyeathirika figo, apewe rufaa kwenda hospitali, kama ile ya Wasso.

6. Kutoa taarifa ya bidhaa zinazoshukiwa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Muuzaji wa gulioni aelimishwe, lakini mzigo wa sheria usimwangukie mgonjwa.

Mhudumu ajichunguze pia mwenyewe. Salamu za "mbona umekuwa mweusi hivyo" au "mbona umekonda" ni za kawaida katika ofisi nyingi, na husemwa kwa upendo. Zikisemwa na mtu aliyevaa koti jeupe, huchukua uzito wa cheti cha daktari.

Nyumbani, shuleni na katika vikundi

Tiba ya zahanati haitoshi, kwa kuwa jeraha halikuanzia huko. Shuleni, mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi kusoma picha kama wanavyosoma habari kwa kuuliza: Nani ameitengeneza? Anauza nini? Nini kimeondolewa? Nani hayumo? Kupiga picha ya mwanafunzi mmoja kwa kichujio na bila kichujio, kwa hiari yake, hufundisha zaidi ya hotuba. Wavulana wawepo katika somo hilo, maana wao ndio watakaokuwa wenzi wanaosifu au kudharau.

Nyumbani, maneno ya mama juu ya mwili wake mwenyewe ni fundisho la kwanza la binti. Baba anayemsifu binti kwa alichofanya, kwa mfano kumwokoa ndama au kusoma barua ya ukoo, humpa kipimo kingine cha kujipimia. Festinger aliona kwamba watu hujilinganisha pale wanapokosa kipimo. Basi vipimo viongezwe.

Katika tarafa ya Loliondo vipimo hivyo vipo. Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa mwaka 1997, limewakusanya akina mama katika vikundi vya uchumi, haki na elimu ya wasichana. Katika kikundi cha namna hiyo mwanamke hujulikana kwa neno lake, mifugo yake na uaminifu wake katika mikopo. Mhudumu wa afya akiomba nusu saa katika mkutano wa kikundi kuzungumza juu ya krimu na uzazi salama, atawafikia wengi ambao hawangefika zahanati. Redio za jamii nazo zinaweza kufanya kazi hiyo kwa Kiswahili na Kimaasai. Katika redio mwanamke husikika bila kuonekana, na msikilizaji hulazimika kupima analosema.

Hitimisho

Kupenda kupendeza si ugonjwa. Wanawake wa Kimasai wametunga shanga, wametoga masikio na kunyoa vichwa vyao vizazi kwa vizazi, na katika mapambo hayo kuna furaha, ukoo na heshima. Ugonjwa huanza pale mwanamke anapoambiwa, kwa picha zinazorudiwa kila siku, kwamba hana kingine zaidi ya kuonekana kwake, naye akaamini. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huo hutumika kuwaonya watu wasidanganywe na sura. Unafaa pia kuwaonya watengenezaji wa picha, ambao humchukua mtu mzima mwenye akili, kazi na uchungu, wakamwonyesha kama mkakasi.

Binti anayeketi katika benchi la zahanati akificha mikono yenye vifundo vyeusi ameshatazamwa vya kutosha. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, kumpima mkojo na shinikizo la damu, kumweleza ukweli bila kumdhalilisha, na kumwita kwa jina lake.

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani juu ya miili ya wagonjwa husikika katika kituo chenu? Yapi yanafaa kuachwa?

2. Mjamzito mwenye uzito mdogo amefika kliniki. Ni maswali gani yatakayosaidia kujua kama anapunguza chakula kwa hofu ya uzazi mgumu, kwa uhaba wa chakula, au kwa kutoridhika na umbo lake?

3. Ni vipodozi gani huuzwa katika gulio la karibu bila orodha ya viambato, na nani anaweza kushirikishwa kuvidhibiti?

4. Taja wanawake watatu wa kijiji chenu wanaoheshimiwa. Wanaheshimiwa kwa lipi, na wasichana wa shule wanalijua?